Mita Inajua Umekosea, Lakini Haijui Wapi

Umeme umeisha saa mbili usiku. Mama mdogo amesimama mbele ya mita na tochi, mimi niko mji mwingine na meseji ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, namsomea kwa simu tokeni, zile namba za kuingiza kwenye mita. Tarakimu ni 20. "Nne, tatu, nane…" Mtandao unakwaruza. "Umesema nne au nane?" "Nane, mama, ile ya baada ya saba." Tunafika mwisho, anabonyeza, mita inakataa. Kati ya tarakimu zile 20, kuna iliyoingia vibaya. Mita imeligundua kosa papo hapo, gizani, bila kuuliza mtu. Lakini haisemi ni tarakimu ya ngapi, basi tunaanza tena kutoka ya kwanza.

Mwaka 1947, jambo hilihili lilimkera mtu mmoja nchini Marekani kiasi cha kuzaa taaluma nzima. Richard Hamming alikuwa mwanahisabati wa Bell Labs, maabara za utafiti za kampuni ya simu ya AT&T. Kompyuta aliyoitumia iliitwa Model V. Haikuwa na chipu wala transista. Ilihesabu kwa maelfu ya rilei, vile viswichi vya sumaku vinavyofunga na kufunguka kwa mlio, na kazi iliingizwa kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Rilei hukwama. Waliounda mashine walilijua hilo, wakaandika kila tarakimu kwa namna ambayo rilei moja ikikosea, mashine itagundua. Siku za kazi, kosa likitokea, wahudumu wa mashine waliarifiwa wakaja kurekebisha. Lakini Hamming aliipata mashine mwishoni mwa wiki tu, wakati hakuna mhudumu. Hapo mashine ikikuta kosa iliiacha kazi hiyo na kwenda kwa inayofuata. Jumatatu moja alirudi akakuta kazi yake imetupwa. Wiki iliyofuata, vivyo hivyo.

Ndipo akajiuliza: ikiwa mashine inaweza kujua kwamba kuna kosa, kwa nini isijue liko wapi, ilirekebishe yenyewe?

Tuanze na kugundua, maana ndiko kwepesi. Una biti nne, yaani alama nne ambazo kila moja ni 0 au 1: 1011. Hesabu zile 1 zilizomo: ni tatu, namba witiri. Ongeza 1 nyingine mwishoni ili jumla iwe shufwa: 10111. Anayepokea akihesabu na kupata witiri, anajua kuna biti iliyogeuka njiani. Umetumia biti moja ya ziada, umepata mlinzi. Ila mlinzi huyu anapiga kelele tu. Yeyote kati ya watano anaweza kuwa ndiye mkosaji.

Hamming aliweka walinzi watatu, na kila mmoja akampa eneo lake, maeneo yenyewe yakiingiliana kwa mpango. Tupange nafasi saba, 1 hadi 7. Mlinzi wa kwanza anakaa nafasi ya 1 na kukagua nafasi za 1, 3, 5 na 7. Wa pili anakaa nafasi ya 2 na kukagua za 2, 3, 6 na 7. Wa tatu anakaa nafasi ya 4 na kukagua za 4, 5, 6 na 7. Ujumbe wetu wa biti nne unakaa katika nafasi zilizobaki: 3, 5, 6 na 7. Kila mlinzi anachagua kuwa 0 au 1 ili eneo lake liwe na 1 zenye idadi shufwa. Ujumbe 1011 ukipangwa hivyo unakuwa 0110011. Chukua kalamu uhakikishe, haichukui dakika.

Sasa geuza biti ya nafasi ya 6. Inafika 0110001. Mpokeaji hajui kilichotokea, anawauliza walinzi. Wa kwanza: nafasi za 1, 3, 5, 7 zina 0, 1, 0, 1, shufwa, kwangu salama. Wa pili: za 2, 3, 6, 7 zina 1, 1, 0, 1, witiri, kwangu kuna kasoro. Wa tatu: za 4, 5, 6, 7 zina 0, 0, 0, 1, witiri, kwangu pia. Jumlisha nafasi wanazokaa waliolalamika: 2 na 4. Unapata 6. Ndiyo nafasi iliyoharibika. Igeuze, ujumbe umepona.

Nilipolifanya hesabu hilo kwa mkono kwa mara ya kwanza nilidhani limetokea kwa bahati, nikajaribu nafasi zote saba. Zote zinajibu. Siri ni kwamba maswali matatu ya ndiyo au hapana yana majibu manane tofauti, nasi tuna mambo manane tu ya kutofautisha: kosa liko nafasi ya 1, ya 2, na kuendelea hadi ya 7, au hakuna kosa kabisa. Nane kwa nane, hakuna jibu linalobaki bila kazi. Hata mlinzi mwenyewe akiharibika, atalalamika peke yake, na nafasi anayokaa ndiyo itakayotajwa.

Linganisha na njia ambayo sote tungeifikiria kwanza, ya kurudia. Ukitaka kurekebisha kosa moja kwa kurudia kila biti mara tatu, biti nne zinakuwa 12. Kwa Hamming zinakuwa saba. Lakini njia hii ina mpaka wake, na tuukumbuke maana tutaurudia: biti mbili zikigeuka kwa pamoja, walinzi wale wale wataelekeza kidole kwenye nafasi ya tatu isiyo na hatia, na mpokeaji ataivuruga akidhani anatengeneza. Hamming aliongeza biti ya nane ili angalau hali hiyo igundulike.

Kabla hatujafika mbali, niseme kwamba wazo la kuongeza ziada ili ujumbe ustahimili kelele si la mitambo. Tunalo mdomoni. "Kile kisu kikubwa kimevunjika." Hesabu hizo ki-. Ni nne, kwa kisu kimoja. Kikohozi kikimeza mwanzo wa neno la pili, ukasikia "kile …su kikubwa kimevunjika," hupotei, kwa sababu kile, kikubwa na kimevunjika wote wanamtolea ushahidi ndugu yao. Upatanisho wa ngeli, ambao wengi wetu tuliukariri kama adhabu ya mtihani, unafanya kazi ileile ya walinzi wa Hamming: sehemu moja ya sentensi inakagua nyingine. Na mimi niliposema "nane, ile ya baada ya saba," niliongeza ziada mahali palepale ambapo nne na nane hugongana.

Aliyeipa ziada hiyo kipimo ni Claude Shannon, mwenzake Hamming pale Bell Labs. Makala yake ilitoka katika jarida la maabara hizo mwaka 1948, Julai na Oktoba, naye akiwa na miaka 32. Hakuanzia patupu. Harry Nyquist mwaka 1924 na Ralph Hartley mwaka 1928 walikuwa wameshauliza ni ujumbe kiasi gani unaweza kupita katika waya wa telegrafu kwa sekunde. Shannon aliongeza mambo waliyokuwa wameyaacha: uwezekano wa kila ujumbe kutokea, na kelele.

Kwake yeye, habari hupimwa kwa kiasi cha shaka inachoondoa. Ukirusha sarafu ukaniambia imeangukaje, umenipa biti moja. Ukichagua mlango mmoja kati ya minane, nisijue lolote, ukautaja, umenipa biti tatu. (Neno lenyewe, biti, Shannon alisema alilipata kwa John Tukey.) Sasa fikiria "Hujambo?" na "Sijambo." Jibu lilijulikana kabla halijatamkwa, hata mwenye homa hujibu sijambo kwanza, ndipo aeleze. Kwa kipimo cha Shannon, jibu hilo limebeba karibu sifuri. Watu wengine husikia hivyo wakadhani nadharia yake inadharau salamu. Haidharau, haigusi. Shannon aliandika waziwazi kwamba maana ya ujumbe si sehemu ya tatizo la mhandisi. Mhandisi anachotaka kujua ni ukubwa wa mfereji anaopaswa kuuchimba. Nadhani kutenganisha mambo hayo mawili ndiko kulikofungua mlango, kwa sababu ghafla sauti, picha, maandishi na namba za benki vikawa kitu kimoja, vyote vikipimwa kwa kibaba kilekile.

Kwa kibaba hicho alikadiria kwamba karibu nusu ya Kiingereza kinachoandikwa ni ziada: herufi ambazo mwandishi hazichagui kwa hiari yake, lugha inamchagulia.

Halafu akaja na tamko ambalo bado linashangaza. Wahandisi wa wakati ule waliamini kwamba ukitaka makosa yapungue, punguza mwendo au ongeza nguvu ya mtambo; ukitaka yakaribie sifuri, mwendo nao ukaribie sifuri. Ndivyo kurudia kulivyowafundisha: rudia mara tatu, mara tano, mara 100, na kila hatua unalipa. Shannon alithibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano, hata yenye kelele kiasi gani, ina kiwango chake. Ukituma chini ya kiwango hicho, unaweza kuyapunguza makosa kadiri upendavyo bila kupunguza mwendo zaidi. Ukikivuka, hakuna ujanja utakaokuokoa. Malipo yanahamia mahali pengine: inabidi ufunge ujumbe mwingi katika bunda moja refu, ili kila sehemu ikague nyingine, na mpokeaji afanye hesabu nyingi.

Ila hakuonyesha bunda lifungwe vipi. Uthibitisho wake ulichukua misimbo, yaani mipango ya kufunga ujumbe na ziada yake kama ule wa Hamming, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu na kuonyesha kwamba kwa wastani ni mizuri, kwa hiyo lazima iwepo iliyo mizuri. Ni kama kumwambia mvuvi kwamba samaki wamo kwa hakika katika bahari hii, bila kumwelekeza pa kutupa nyavu. Mfano pekee wa mkononi aliouweka katika makala ile ulikuwa ule wa biti saba, na akasema ni wa Hamming. Hamming mwenyewe alikuwa amezuiliwa kuchapisha hadi mambo ya hataza yakamilike. Makala yake ilitoka Aprili 1950.

Wakati huo wote anangoja, mtu wa tatu aliusoma ule mfano. Marcel Golay, mzaliwa wa Uswisi, alifanya kazi katika maabara za jeshi la mawasiliano huko New Jersey. Mwaka 1949 alichapisha barua ambayo haijazi hata ukurasa mmoja, na kwa maoni yangu hakuna ukurasa katika taaluma hii uliobeba mengi kuliko huo. Golay alijiuliza: ile nane kwa nane ya Hamming inaweza kutokea tena mahali pengine, kwa makosa zaidi ya moja? Chukua biti 23. Kutokuwa na kosa ni hali 1. Kosa moja laweza kukaa mahali 23. Makosa mawili, jozi 253. Makosa matatu, namna 1771. Jumlisha: 2048. Na 2048 ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 11, haipungui wala haizidi. Kwa hiyo walinzi 11 wana majibu yanayotosha kabisa kutofautisha kila namna ya makosa hadi matatu, na biti 12 zinabaki kwa ajili ya ujumbe. Kwamba hesabu inakubali haimaanishi mpangilio upo. Golay aliutafuta akaupata. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1970 kuthibitisha kwamba, kwa upande wa biti, ukiacha jamii ya Hamming, ule wa Golay na ile ya kurudiarudia tu, misimbo isiyopoteza hata jibu moja haipo tena.

Miaka 30 baada ya barua ile, picha za rangi za Jupita na Zohali zilizopigwa na vyombo vya anga vya Voyager zilifika duniani zikiwa zimefungwa kwa msimbo wa Golay, ulioongezwa biti moja zikawa 24.

Hadi hapa nimekuwa nikisema biti "inafika" 0 au 1, kana kwamba waya unatamka. Hautamki. Kinachofika ni voltiji iliyochanganyika na kelele, na kabla ya mlinzi yeyote kuhesabu, lazima mtu au mtambo aamue: hii ni 0 au ni 1? Swali hilo lina historia yake, na ilianza na maswali ya uhai na kifo. Katika Vita Kuu ya Pili, mtazamaji wa rada aliketi mbele ya kioo kilichojaa chengachenga, akitafuta alama moja inayoweza kuwa ndege ya adui. Mwaka 1943, D. O. North wa kampuni ya RCA alionyesha kwamba chujio bora la kuichomoa alama hiyo ni lile linalofanana kwa umbo na mwangwi unaoutarajia. Hata ukiwa nalo, bado lazima uamue: alama iwe kubwa kiasi gani ndipo upige king'ora?

Mfikirie mlinzi wa usiku. Akipuliza filimbi kila jani likitikisika, hakuna mwizi atakayempita, lakini hakuna jirani atakayelala. Akingoja hadi amwone mtu na panga, mtalala vizuri hadi siku mtakayoibiwa. Walinzi hawa wawili wanaweza kuwa na masikio sawasawa. Tofauti yao ni mahali walipoweka kizingiti. Wanatakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson walikuwa wamelitenganisha hilo kimahesabu tangu 1933: amua kwanza ni vilio vingapi vya uongo unaweza kuvumilia, kisha punguza kukosa kadiri inavyowezekana. Mwaka 1954, Peterson, Birdsall na Fox wa Chuo Kikuu cha Michigan waliikamilisha kuwa nadharia ya kugundua mawimbi, na mwaka huohuo, chuo hichohicho, Tanner na Swets waliipeleka kwa macho ya binadamu. Toka hapo iliingia hospitalini. Kipimo cha haraka cha malaria, ule mstari mmoja au miwili, kina makosa yaleyale mawili: kumwambia mzima kuwa mgonjwa, na kumwambia mgonjwa kuwa mzima. Ukimsikia mtu anasema kipimo fulani "ni sahihi" bila kutaja makosa yote mawili, bado hajakwambia kitu.

Uamuzi wa kizingiti una hasara iliyojificha. Tuseme 1 inatumwa kama volti 1, na 0 kama volti 0. Imefika 0.95, unaandika 1 bila wasiwasi. Inayofuata imefika 0.52, unaandika 1 pia, kwa sababu imevuka nusu. Katika daftari zinafanana, na ile shaka uliyokuwa nayo juu ya ya pili imefutika. Lakini shaka ile ilikuwa habari! Walinzi wakilalamika, ungejua mara moja nani wa kushukiwa kwanza.

Mwaka 1971 chombo cha anga cha Mariner 9 kiliingia katika mzunguko wa Mirihi, zaidi ya kilomita milioni 100 kutoka kwetu, kikituma picha kwa mtambo ambao nguvu yake haikufikia balbu moja ya zamani ya wati 60. Data ya picha ilikatwa vipande vya biti sita, ambavyo vinaweza kuwa vya namna 64, na kila kipande kilivikwa vazi la biti 32. Kati ya hizo 32, saba zingeweza kuharibika na kipande kikasalimika. Mtambo wa kupokea haukukata shauri biti moja moja. Ulichukua voltiji zote 32 jinsi zilivyofika, pamoja na shaka zake, ukazilinganisha na mifumo yote 64 inayowezekana, ukachagua unaofanana nazo zaidi. Kugundua na kurekebisha vikawa tendo moja. Chombo kilipofika, sayari yote ilikuwa imefunikwa na dhoruba ya vumbi. Vumbi lilipotulia, vilele vya volkano vikajitokeza, na mojawapo ndiyo volkano ndefu kuliko zote tuzijuazo, Olympus Mons.

Mengine yako mfukoni mwako. Irving Reed na Gustave Solomon walichapisha mwaka 1960 msimbo unaorekebisha mafungu ya biti badala ya biti moja moja; ndio ulioiwezesha CD kuvumilia mikwaruzo, na ndio uliomo katika ile miraba ya kuskani, kodi ya QR. Katika ngazi yake ya juu kabisa, mraba huo unasomeka hata karibu asilimia 30 yake ikiwa imechanika au kupakwa mafuta. Mwaka huohuo 1960, Robert Gallager aliandika katika tasnifu yake katika chuo cha MIT, Marekani, msimbo unaokaribia kiwango cha Shannon, lakini kompyuta za wakati huo hazikuuweza, ukasahaulika kwa zaidi ya miaka 30. Leo ndio unaobeba data katika mtandao wa 5G.

Basi kwa nini mita ya mama mdogo, na ujuzi wote huu, bado inakataa tu? Sababu ya kwanza ni kwamba tokeni imefungwa kwa siri. Kati ya biti zake 66, biti 16 ni za ukaguzi, lakini ukikosea tarakimu moja, ikifunguliwa huvurugika yote, na nyayo za kosa zinapotea. Ya pili ni ile ya walinzi wanaomtaja asiye na hatia. Msimbo unaorekebisha hubahatisha jibu lililo karibu zaidi, na makosa yakizidi kipimo, unabahatisha vibaya kwa kujiamini. Katika nukta ya picha, hiyo ni doa. Katika umeme uliolipiwa, ni fedha ya mtu. Tena kuuliza upya ni rahisi pale: mtu amesimama mbele ya mita, ana kidole na tochi. Mariner 9 isingeweza kuuliza. Mawimbi yalichukua dakika kadhaa kwenda na nyingine kurudi, na picha iliyofuata ilikuwa tayari inasubiri zamu yake.

Tuliingiza tarakimu zote 20 mara ya pili, polepole, nne nne. Ilikuwa ni ile ya saba: nilisema nne, akasikia nane.